Tangazo la siasa lililovishwa kanzu ya salamu (watu wa Malindi na Amu, tuzungumze)

SautiYaMaweni
Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Jambo hili nimelikalia tangu 2022. Sasa uchaguzi wa 10 Agosti 2027 unasogea, watu wa kampeni wameanza kupitapita ofisini, na mimi sitaki yanikute tena. Nalitua hapa.

Kazi yangu ni kusoma. Redio moja ya hapa Malindi, jina siliweki tusije tukaanza kutafutana. Nasoma vifo, nasoma ng'ombe waliopotea Kakoneni, nasoma salamu. Kipindi cha salamu ndicho kinachotulisha: saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mtu anarudi kazini, mama yuko jikoni anakuna nazi, redio iko dirishani.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 2022, kampeni zilikuwa zinafungwa saa kumi na mbili jioni. Tume ya uchaguzi ilishasema, kila mtu anajua. Saa kumi na moja na dakika arobaini bosi anaingia studio, simu mkononi. Kuna sauti imetumwa kwa WhatsApp, dakika moja na robo, tangazo la mgombea, na pesa ya M-Pesa imeshaingia. Nikamwambia foleni ya matangazo imejaa mpaka saa kumi na mbili, hili halina pa kukaa. Akaniambia, "Basi usilicheze. Lisome wewe. Litie kwenye salamu."

Mezani nilikuwa na kadi mbili za kweli. Fundi baiskeli wa Kisumu Ndogo anamsalimia shemeji yake. Msichana wa Gede anawasalimia waliosoma naye. Ya tatu nikaiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ya bluu ilikuwa imekauka: salamu zimfikie mheshimiwa fulani, kutoka kwa kina mama wa Ganda, wanasema wako nyuma yake na Jumanne watamjibu kwa kura. Nikaisoma kwa sauti ileile niliyosomea zile mbili, nikaweka taarabu. Saa moja na nusu usiku nikairudia. Kampeni zimefungwa, mimi bado nampigia mtu debe, na hakuna aliyejua kwamba nampigia debe.

Wiki iliyofuata mama mmoja akanisimamisha sokoni. Hakuwa na hasira. Akaniuliza tu, "Mwanangu, sisi wa Ganda tulituma lini hiyo salamu?"

Swali langu kwenu mnaojua sheria: kanuni zinasemaje juu ya matangazo ya siasa redioni, na kwa nini mimi hazikunigusa hata unywele?

WakiliMdogo
Kaka, pole na ahsante kwa kusema. Si wengi wa kazi yako wanaothubutu.

Nitaanza juu nishuke. Katiba ya 2010 kifungu cha 34 inakataza serikali kuingilia vyombo vya habari, lakini vyombo vya serikali vyenyewe inavitaka visipendelee na vitoe nafasi kwa mawazo yanayopingana. Kifungu cha 92 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kugawa muda wa hewani kwa vyama kwa haki, na ya kusimamia utangazaji ili kampeni ziwe za haki. Halafu Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 41, inavipa vyama haki ya kuingia kwenye vyombo vya serikali wakati wa kampeni. Kwa hiyo KBC ina mzigo wake peke yake. Redio yako ni ya mtu binafsi, mzigo huo haiubebi kwa namna ileile.

Mzigo wenu uko kwenye kanuni za utangazaji za 2009 na ule mwongozo wa vipindi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Humo tangazo linatakiwa lijulikane kuwa ni tangazo, msikilizaji alitofautishe na kipindi. Ulilosoma lilikuwa tangazo, lililipiwa, na ulilificha ndani ya kipindi. Hapo ndipo kosa lilipo, kaka. Hata kama ungeisoma ile kadi mwezi Juni, kampeni zikiwa wazi, bado ingekuwa kosa.

Kwa nini hukuguswa? Kwa sababu anayesikiliza Nairobi anatafuta matangazo. Wewe hukucheza tangazo.

BibiWaMambrui
Mimi nilikuwa nikisikiliza kipindi hicho. Sijui kama ni chako lakini nasema nilikuwa nikisikiliza vipindi vya salamu siku hizo na salamu za waheshimiwa zilikuwa nyingi kuliko za maharusi. Nikamwambia mume wangu, mbona kina mama wote wa pwani hii wamepata pesa za kadi kwa pamoja.

MuuzaHewa
Mimi ndiye mnayemsema. Si wa kituo cha SautiYaMaweni, wa kingine, huku huku. Kazi yangu ni kuuza muda wa hewani. Ngojeni mnisikilize kabla hamjanila nyama.

Miaka minne kituo kinaishi kwa kadi za salamu, duka la simiti, na kliniki ya meno. Umeme ukikatika, jenereta inakunywa dizeli kama ngamia. Mwaka wa tano ukifika, mgombea anaingia na pesa taslimu. Ukimwambia lazima mwisho wa tangazo tuseme jina lako na kwamba umelipa, anatabasamu, anakunywa soda yake, anaondoka anakwenda kwa jirani. Jirani hamwambii hivyo.

Na niwaambie jingine ambalo WakiliMdogo hajaligusa: bei. Duka la simiti lina bei yake imeandikwa. Mgombea hana bei. Bei ya mgombea ni ile atakayokubali. Rafiki wa mwenye kituo analipa nusu, mpinzani wake analipa mara tatu, na wote wawili wanapewa risiti. Mimi nimeziandika risiti hizo kwa mkono wangu. Sasa niambieni, hiyo nayo ni haki ya muda wa hewani? Kwenye makaratasi wote wawili walikuwa na nafasi sawa.

WakiliMdogo
MuuzaHewa umetia kidole kwenye donda. Kwetu hakuna ukomo wa maana kwa pesa ya mgombea. Sheria ya fedha za kampeni ipo tangu 2013. Ilisimamishwa uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ikachapisha viwango, mgombea urais asipite shilingi bilioni 4.4, na wabunge wakavikataa. Kwa hiyo 2022 mtu aliweza kununua kituo kizima kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane kama anacho kitu.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Uingereza chama hakinunui tangazo la siasa redioni wala kwenye televisheni, ni marufuku, na badala yake vyama vinapewa vipindi vya bure. Afrika Kusini tangazo la kulipia linaruhusiwa kipindi cha uchaguzi tu. Marekani ni soko huria, lakini hata wao wana vitu vitatu ambavyo MuuzaHewa atavipenda au atavichukia. Sheria yao ya 1934 inasema ukimpa mgombea mmoja nafasi, mshindani wake akiomba umpe naye nafasi kama hiyo. Siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, mgombea hatozwi zaidi ya bei ya chini kabisa ambayo kituo kinamtoza mteja wake wa biashara kwa muda wa aina hiyo. Na kituo lazima kimtaje aliyelipa.

Hicho cha pili kingekuwa hapa, MuuzaHewa, mgombea wako angelipa kama mwenye simiti.

MuuzaHewa
Basi ningekula simiti.

MwanaWaAmu
Salaam kutoka Amu. Huku kwetu mambo ni mengine kidogo. Mui mdogo huu, kila mtu amjua mwenzake, mtangazaji akisoma salamu ya uongo watu watambua sauti, watambua mwandiko, watambua hata kadi imenunuliwa duka gani. Tangazo la kujificha huku halipiti kwenye salamu. Hupita kwenye dua.

Mfano wangu ni wa msimu uleule. Kipindi cha dini, Alhamisi usiku, kimedhaminiwa. Sawa. Shekhe anasoma, anaeleza, mwisho anaomba dua, na ndani ya dua anaombewa mtu mmoja kwa jina lake kamili na cheo anachokitaka. Si cheo alicho nacho. Sasa wewe unalalamikaje? Utasema nimechukizwa na dua? Utaenda kumshtaki nani? Baba yangu alizima redio akasema tangu lini aamina ikawa kura. Sijui kanuni gani ingemshika mtu huyo, WakiliMdogo, lakini sote pale barazani tulijua kimelipiwa nini.

WakiliMdogo
Ami, udhamini nao una masharti yake. Mdhamini atajwe, asikiendeshe kipindi. Mgombea akidhamini kipindi cha dini katikati ya kampeni na akaombewa cheo humo, hicho si kipindi tena, ni tangazo refu. Lakini nakubali, nani ataandika barua ya kulalamikia dua?

Nahodha_Kizingitini
Mnazungumza habari ya haki ya muda kana kwamba redio zote zafika kila mahali. Mimi nikiwa na jahazi upande wa Kiwayuu, ninavyovishika ni viwili, kimoja kwa kukwaruza. Kile kinachosikika ndicho serikali yetu. Kikisema fulani amejiondoa kwenye kinyang'anyiro, kwetu amejiondoa. Hakuna wa kukanusha mpaka tufunge gati.

Nilikuwa baharini siku tatu za mwisho za kampeni, kiredio changu nimekifunga kwa kamba ya nailoni kwenye mlingoti kisilowe. Siku tatu nilisikia jina la mgombea mmoja. Mmoja tu. Nikifika nchi kavu naambiwa walikuwa watano.

Mwalimu_Mpeketoni
Naomba niingie kwa upande mwingine, na naomba tusikilizane.

Baba yangu alikuja Mpeketoni miaka ya 1970 kwenye mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Mimi nimezaliwa hapa, nafundisha hapa, watoto wangu wanazungumza Kiswahili kuliko mimi. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kwenye kampeni. Wengi mnakumbuka "hatupangwingwi" na "madoadoa" kwa sababu magazeti yalicheka nayo. Mimi nakumbuka mawili mengine yaliyokuwemo: "wakuja", na "wabara waende kwao". Hayo ni ya kwetu huku.

Mgombea hakuyasema. Tangazo lake lilikuwa safi kama maji ya mvua. Waliyasema wapigaji simu kwenye kipindi cha asubuhi. Na nitawaambia nilichokigundua kwa sababu ni mwalimu na kazi yangu ni kujua nani anaiga kazi ya nani. Jumatatu alipiga mtu akajiita mvuvi. Jumatano akapiga mkulima wa bixa kutoka Witu. Ijumaa boda boda. Sauti ni moja. Anasema "hili swala" kwa kulivuta vilevile, na kila mara nyuma yake kuna jogoo yuleyule. Jogoo, jamani! Mtangazaji akawa anasema tu, ahsante kwa maoni yako.

Mkitaka kujua kwa nini nalichukulia kwa uzito, kumbukeni baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100 nchini, na redio za lugha za kienyeji zilitajwa sana kwenye uchunguzi. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, alifikishwa mpaka The Hague. Kesi ilisitishwa Aprili 2016, hakuhukumiwa. Sisemi alikuwa na hatia. Nasema ulimi wa redio ulifika mbali kiasi hicho.

SautiYaMaweni
Mwalimu, umenikumbusha jambo ambalo nililiacha makusudi.

Sisi tunatangaza kwa Kiswahili na kuna vipindi vya Kigiriama. Mgombea huleta tangazo mara mbili. La Kiswahili linasema atajenga barabara na kuleta maji. La Kigiriama linaanza na barabara na maji, kisha linamalizia na methali. Ile methali ukiitafsiri ni maneno ya hekima tu, haina ubaya. Ukiisikia kwa Kigiriama, mwezi wa Julai, baada ya jina la mpinzani ambaye mama yake si wa huku, unajua imemlenga nani. Ni kama kumtupia mtu jiwe lililofungwa kwenye leso.

Anayekagua amekaa na orodha ya maneno. Methali haimo kwenye orodha.

WakiliMdogo
Na hapo linganisha na meseji za simu. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo ya meseji za kisiasa za jumla mwaka 2012 na ikaipanua 2017 pamoja na Tume ya Uwiano. Meseji hizo ziwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Zitumwe kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Zipelekwe kwa kampuni ya simu kukaguliwa saa 48 kabla. Meseji ya maneno ishirini inapita chujio zote hizo, na dakika moja na robo ya sauti inaingia studio kwa WhatsApp dakika ishirini kabla ya mlango kufungwa.

DogoWaWatamu
Wakubwa shikamooni. Mimi nasoma tu nashangaa. Nani anasikiliza redio siku hizi? Vita viko kwenye simu. 2017 kulikuwa na video ile ya "The Real Raila", ilikuwa inatutisha kwamba akishinda nchi itaungua, ilikuwa inanifuata kila nikifungua intaneti. Haikuwa na jina la mtu. Baadaye shirika la Privacy International likagundua iliyoitengeneza ni kampuni ya Harris Media, ya Texas. Texas! Na nyinyi mnahangaika na kadi ya salamu ya Ganda.

BibiWaMambrui
Marahaba mjukuu wangu. Bando lako likiisha unakuja kukaa wapi? Kwangu, kwenye redio yangu ya betri mbili. Hao wa Texas mimi hawanifikii. Huyu wa kalamu nyekundu amenifikia mpaka jikoni.

DogoWaWatamu
Bibi umenimaliza 😂

Lakini swali langu ni la kweli. Ile ya Texas haikusema nani kalipa. Ya Ganda pia. Mbona naona ni dhambi moja?

Mwalimu_Mpeketoni
Ni moja. Umeona kuliko sisi.

MuuzaHewa
Kuna aina nyingine mmeisahau na ndiyo inayolipa vizuri kuliko zote: serikali yenyewe. Kaunti au taifa. Tangazo linakuja, "wananchi mnaarifiwa kwamba zahanati hii na barabara hii zimekamilika", sauti ya kiongozi, mwezi wa Juni, mwaka wa uchaguzi. Hiyo si kampeni, ni taarifa kwa umma. Hivyo ndivyo risiti inavyosema.

WakiliMdogo
Hiyo ina kifungu chake. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 14: serikali haitangazi mafanikio yake kwa gazeti, redio, televisheni wala mabango wakati wa uchaguzi. Faini isiyozidi milioni 2 au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Na 2017 ndipo yalipopigwa kila mahali yale matangazo ya GoK Delivers, ya serikali kujisifia kazi zake. Shirika la Katiba Institute wakaomba waambiwe yamegharimu kiasi gani, wakanyimwa, wakaenda mahakamani, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikasema wapewe habari hizo. Uchaguzi ulikuwa umeshapita, tena mara mbili, Agosti na Oktoba.

Ndiyo tatizo la njia ya malalamiko, SautiYaMaweni. Ipo. Unaandikia kituo kwanza. Usiporidhika kuna Mamlaka ya Mawasiliano, kuna Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Yule mama wa Ganda angeweza. Lakini angeandika nini? Ushahidi wake ni kwamba hakutuma salamu.

MwanaWaAmu
Na yeo hii angeenda, ndia yenyewe nauli ya nani?

SautiYaMaweni
Nimesoma yote. Nimepata nilichokuwa nakitafuta, ingawa si kile nilichodhani. Nilidhani kosa langu lilikuwa saa moja na nusu usiku. Kumbe lilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini, pale nilipochukua ile kadi tupu.

Jana nilibaki studio baada ya kipindi nikajaribu kitu. Nilichukua saa ya studio, nikasoma polepole kama ninavyosoma vifo: "Tangazo hili la siasa limelipiwa na," kisha jina. Kwa jina fupi ni sekunde nne na nusu. Kwa jina la mtu, la baba na la babu, kama tunavyoitana huku, ni saba. Nimeliandika kwa kalamu ya bluu nimelibandika kwenye kioo mbele ya maikrofoni. Bosi ameingia, amelisoma, hajasema kitu, ametoka.

MuuzaHewa
Kaka mimi niko na wewe, wallahi. Lakini tangazo ni sekunde 30. Ukitoa saba zinabaki 23. Mteja atalipia 30 au 23? Hizo saba nimuandikie nani?

BibiWaMambrui
Muandikie yeye. Si jina ni lake?

SautiYaMaweni
Saa kumi kasoro dakika tano, niko kwenye kiti. Nina kadi kumi na moja mezani. Nimezigeuza zote nyuma nikatazama mwandiko.